Tanzania ilitoka COMESA, kadi ya njano ikabaki

Dereva wa lori linalokwenda Kigali akifika kwenye mizani ya Nala, pembeni mwa Jiji la Dodoma kwenye barabara ya Singida, huwa na bahasha nene ya nyaraka. Ndani yake kuna hati za mzigo, leseni ya usafirishaji, pasi ya kusafiria, na karatasi moja ya njano inayothibitisha kwamba gari lina bima itakayotambulika endapo litasababisha ajali ng'ambo ya mto Kagera. Madereva huiita kadi ya njano. Jina lake kamili ni Kadi ya Njano ya COMESA.

Tanzania si mwanachama wa COMESA. Ilijitoa rasmi kwenye Soko hilo la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika Septemba 2, 2000. Robo karne baadaye, karatasi ya jumuiya iliyoachwa bado inapita Nala, Manyoni, Singida na Nzega kila siku, na wanaoitoa ni kampuni za bima za hapa hapa nchini. Vivyo hivyo Benki ya PTA, iliyozaliwa na jumuiya hiyo na ambayo sasa inajulikana kama TDB: Tanzania iliondoka kwenye jumuiya ikabaki na hisa zake kwenye benki.

Ni kutoka kwa namna gani huko? Swali hilo lina uzito Dodoma kuliko mji mwingine wowote wa Tanzania, kwa sababu nchi ikitaka tena kujiondoa kwenye jumuiya ya kibiashara, safari hii ile ya Afrika Mashariki, sharti uamuzi huo upigiwe kura bungeni, hapa Dodoma.

Taarifa ya kujitoa COMESA ilitolewa 1999, enzi za Rais Benjamin Mkapa, kwa kuwa mkataba unamtaka mwanachama atoe notisi ya mwaka mmoja. Sababu zilizotajwa zilikuwa za kihasibu zaidi kuliko za kisiasa. Nchi ilikuwa inachangia jumuiya nyingi kwa mpigo: COMESA, SADC ya nchi za Kusini mwa Afrika, na ile ya Afrika Mashariki iliyokuwa inafufuliwa Arusha. COMESA ilikuwa imepanga kufuta ushuru kati ya wanachama wake ifikapo Oktoba 2000, na Hazina, iliyotegemea sana mapato ya forodha, haikuona pengo hilo litazibwa na nini. Kulikuwa pia na viwanda. Vingi vilikuwa ndiyo kwanza vimebinafsishwa au viko njiani kubinafsishwa, na vilihofiwa kumezwa na bidhaa za Kenya, Zimbabwe, Mauritius na Misri.

Ukizipanga tarehe unaona kichekesho. Novemba 30, 1999 marais wa Tanzania, Kenya na Uganda walitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Arusha, ukaanza kutumika Julai 7, 2000. Septemba Tanzania ikatoka COMESA. Oktoba 31 nchi tisa za COMESA, Kenya ikiwemo, zikazindua eneo huru la biashara. Ndani ya miezi minne Tanzania ilikuwa imeshikana na Kenya kwa mkono mmoja na kuachana nayo kwa mkono mwingine.

Wala haikuwa peke yake. Msumbiji na Lesotho zilikuwa zimeshatoka COMESA 1997, na Namibia ikafuata 2004. Hakuna mpaka uliofungwa wala askari aliyepelekwa Namanga, na ni Watanzania wachache leo wanaoukumbuka mwaka huo kwa sababu hiyo. Wanaokumbuka kutoka kwenye jumuiya ni wazee, na wanachokumbuka ni 1977.

Mwaka reli ilipokatwa

Februari 4, 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Kesho yake TANU na ASP ziliungana kuwa CCM, chama ambacho makao makuu yake yako Dodoma, na historia ya siasa imeipa nafasi kubwa zaidi siku hiyo ya pili. Kwa mfuko wa mwananchi, ile ya kwanza ilikuwa nzito.

Jumuiya iliyovunjika mwaka huo ilianzishwa kwa mkataba uliosainiwa Kampala Juni 6, 1967, na ilikuwa na mambo ambayo hii ya leo haina. Nchi tatu zilimiliki kwa pamoja shirika la reli, la bandari, la posta na simu, na la ndege. Reli na ndege ziliongozwa kutoka Nairobi, posta na simu kutoka Kampala, bandari kutoka Dar es Salaam. Ugomvi ulianza kwenye mizania ya biashara: viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Tanzania na Uganda zikalalamika kwamba zimegeuzwa soko. Idi Amin alipopindua serikali Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na kwa kuwa chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa ni mkutano wa marais watatu, chombo hicho kikafa kikiwa bado kipo kwenye karatasi. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasambaratika. Tanzania ikajibu kwa kufunga mpaka na kuyazuia magari na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa ndani ya nchi.

Mtu wa Dodoma angeweza kudhani hayo ni mambo ya Namanga na Holili. Kutoka Dodoma hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Kondoa na Babati, na wakati huo barabara hiyo ilikuwa ya vumbi. Ila reli ya kati, inayopita Gulwe, Dodoma, Bahi, Saranda, Manyoni na Itigi, ilikuwa mali ya shirika ambalo makao makuu yake na karakana yake kuu vilikuwa Nairobi. Kipande cha reli kutoka Kahe kwenda Voi, kilichoziunganisha njia za nchi hizo mbili, kikakosa treni. Meli zilizokuwa zikivusha mabehewa katika Ziwa Victoria, kutoka Mwanza hadi Kisumu, zikagawanywa: Umoja ikawa ya Tanzania, Uhuru ya Kenya. Nchi ilikuwa na reli, na mafundi, na abiria waliojaa kwenye vituo, lakini mahali pa kukarabatia vichwa vya treni palikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Shirika la Reli Tanzania, TRC, liliundwa mwaka huohuo, na likaanza na tatizo hilo mkononi.

Likaja suala la wafanyakazi. Makarani wa stesheni, mafundi njia, watu wa posta na wa bandari walikuwa waajiriwa wa Jumuiya, na mafao yao yakageuka deni lisilo na mwenyewe. Mgawanyo wa mali ulichukua miaka saba. Ulisuluhishwa na Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, na hati ikasainiwa Arusha Mei 14, 1984: Kenya asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Wastaafu hawakuishia hapo. Zaidi ya 31,000 kwa upande wa Tanzania walikwenda Mahakama Kuu 2003, wakafikia makubaliano na Serikali 2005, na hata baada ya hapo wazee waliendelea kuonekana wamekaa katikati ya barabara Dar es Salaam wakidai kilichobaki. Wengine walifariki bila kulipwa. Gharama ya kuvunja jumuiya, kwa hesabu za familia za reli pale Dodoma na Manyoni, haikuwa na uhusiano na ushuru hata kidogo. Ilikuwa ni pensheni.

Madukani kulikuwa na hadithi nyingine. Sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kupikia na vipuri, vitu ambavyo kwa sehemu kubwa vilikuwa vikitengenezwa Nairobi au kupitia huko, viliadimika au vikawa vinapatikana kwa njia za panya. Si haki kuibebesha Februari 1977 mzigo wote huo: ilikuja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta duniani ikapanda, kukawa na ukame, na mashirika ya umma yaliyoshika biashara yote yalikuwa na udhaifu wao. Mpaka uliofungwa ulichofanya ni kuondoa mlango wa karibu wa kupumulia. Magendo yakawa kazi. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alitangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na maduka yenye sabuni zilizofichwa chini ya kaunta yakawa mashtaka. Sokoine mwenyewe alifariki Aprili 12, 1984 kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akirudi Dar es Salaam kutoka bungeni Dodoma.

Kenya nayo iliumia, jambo ambalo huku mara nyingi husahaulika. Ilipoteza soko la Tanzania, na malori yake yakapoteza njia ya kwenda Zambia. Kwa upande mwingine, kampuni za watalii zilizozoea kuwachukua wageni Nairobi na kuwapeleka Ngorongoro na Serengeti zikawabakiza Masai Mara, na hoteli za kaskazini mwa Tanzania zikabaki na vitanda vitupu. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya karibu miaka saba.

Kwa nini mwaka 2000 ulipita kimya

Tofauti ya 1977 na 2000 haiko kwenye uzito wa jumuiya peke yake. Iko kwenye nyuzi zilizobaki. Mwaka 1977 karibu kila kitu kilikatwa kwa mpigo: reli, ndege, posta, mpaka, na mazungumzo. Mwaka 2000 Tanzania ilitoa notisi, ikasubiri mwaka, kisha ikatoka ikiwa tayari ina kiti kwenye meza mbili nyingine.

Angalia majirani wanane wa Tanzania. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wote wako COMESA, lakini pia wako Jumuiya ya Afrika Mashariki, wawili wa mwisho tangu 2007. Zambia na Malawi wako COMESA, lakini wako pia SADC. Msumbiji iko SADC. Kongo iko kote: COMESA, SADC, na tangu 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hakuna hata jirani mmoja ambaye Tanzania ilipoteza kila mkataba naye kwa kutoka COMESA. Waliopotea ni wa mbali: Misri, Sudan, Ethiopia.

Hapo ndipo gharama ilipojificha. Mwenye kiwanda Dodoma au Singida aliyetaka kuuza Cairo au Khartoum alikutana kwa miaka mingi na ushuru ambao mwenzake wa Nairobi hakulipa. Na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 1, 2005, ilibidi umeze jambo lisilomezeka kirahisi: nchi zote zina ushuru mmoja kwa bidhaa za nje, isipokuwa Kenya na Uganda zinaruhusu bidhaa za COMESA kwa masharti nafuu, na Tanzania inaruhusu za SADC. Bidhaa ya Misri ikiingia Mombasa bila ushuru haiwezi kuvuka Namanga hivihivi, maana Tanzania haina mkataba huo. Kwa hiyo afisa wa forodha lazima aendelee kuuliza kila mzigo umetengenezwa wapi, na kutaka cheti cha uasilia, hata ndani ya umoja ulioanzishwa ili swali hilo lisiulizwe. Watu hulalamikia urasimu wa Namanga kana kwamba ni tabia ya maofisa. Sehemu yake ni matunda ya uamuzi wa 2000.

Kuna upande wa pili, na ni haki uelezwe. COMESA ilizindua umoja wake wa forodha Victoria Falls Juni 2009, na haujawahi kufanya kazi kwa maana halisi. Nchi haiwezi kuwa na ushuru wa nje wa aina mbili kwa wakati mmoja, na wanachama walio kwenye jumuiya zote mbili wamekuwa wakikwepa kuchagua. Tanzania ilichagua mapema. Waliosema 2000 kwamba nchi imejifungia nje ya soko kubwa walikuwa na hoja. Waliosema haiwezekani kutumikia mabwana wawili nao wamethibitishwa na miaka.

SADC iliyobaki nayo haikuwa ya bure. Soko lake huru lilizinduliwa Agosti 2008, na ndani yake kuna Afrika Kusini. Kwenye baa na maduka makubwa ya Dodoma, chupa ya mvinyo kutoka Western Cape inakaa rafu moja na Dompo, mvinyo wa hapa. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi halindwi na forodha peke yake, analindwa zaidi na ushuru wa bidhaa, ambao huutoza mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani kiwango cha chini kuliko mvinyo unaotoka nje. Nchi inaweza kufungua mpaka na bado ikawa na ufunguo mwingine mfukoni.

Mpaka hauko mpakani

Ramani ya kawaida huonyesha Dodoma ikiwa mbali na kila mpaka. Ramani ya madereva ni tofauti. Lori la kwenda Rwanda au Burundi hupimwa Nala, hukaguliwa tena Muhalala, Manyoni, kwenye kituo kilichojengwa ili polisi, mizani na mamlaka ya mapato, TRA, wawe mahali pamoja, na mzigo wenyewe huwa umefungwa kifaa cha kielektroniki kinachotazamwa na TRA njia nzima. Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2014, kodi za bidhaa nyingi zinazokwenda nchi wanachama hukadiriwa na kulipwa mzigo ukiwa bado bandarini Dar es Salaam. Kazi kubwa ya mpaka hufanyika kabla mpaka haujaonekana. Ndiyo maana vituo vya pamoja kama Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 2016, vinaweza kulipitisha lori kwa kulisimamisha mara moja badala ya mbili.

Ukiuondoa mfumo huo, mzigo wa Kigali unarudi kuwa mzigo wa nchi ya kigeni tu. Unahitaji dhamana ya kila safari, makaratasi ya kila upande, na subira. Onjo la hali hiyo lilipatikana Septemba 2013, Tanzania ilipopandisha tozo ya barabara kwa lori la Rwanda kutoka dola 152 hadi dola 500. Rwanda nayo ikapandisha kwa malori ya Tanzania. Hakuna aliyekuwa ametoka kwenye jumuiya yoyote. Ilitosha tu kubadilisha namba moja kwenye karatasi ya tozo.

Kibaigwa inayajua hayo zaidi. Soko lake la mazao, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, hupokea mahindi ya Kongwa, Kiteto, Gairo na kwingineko. Msimu ukifika malori yanapanga foleni, makuli wanashusha, mizani inasoma, dalali anazunguka na simu sikioni. Wanunuzi wa Kenya ni sehemu ya bei ya hapo hata wasipokuwepo, kwa sababu kila mwenye mzigo anajua Nairobi inakula mahindi kuliko inavyolima.

Machi 5, 2021 mamlaka ya chakula na kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama Namanga. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kiwango cha sumukuvu na cha mahali ulikotoka. Huku nyumbani wengi waliona ni njama ya kibiashara, na huenda siasa ilikuwemo. Lakini Dodoma haina haki ya kusema sumukuvu ni kisingizio. Mwaka 2016 ugonjwa uliotokana na sumu hiyo uliwapata watu 68 katika vijiji vya Dodoma na Manyara na kuua 20, na waliokula mahindi hayo hawakuwa Wakenya.

Na mara nyingine anayefunga ni mwenye mahindi. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akizungumza kwenye Baraza la Idd mjini Moshi, alipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi ili chakula kisipungue. Wakulima wa kanda ya kati waliokuwa na ziada walibaki nayo ghalani. Itifaki ya Soko la Pamoja ilikuwa inatumika tangu Julai 2010, na haikuzuia jambo hilo kutokea. Aprili 2025 ikawa zamu ya SADC: Tanzania ilizuia mazao ya kilimo ya Afrika Kusini na Malawi, ikijibu vizuizi vya nchi hizo kwa mazao yake, kisha ikaondoa zuio baada ya siku chache za mazungumzo. Siku chache ndizo za kuangalia hapo. Mwaka 1977 hapakuwa na meza ya kurudia, na siku zikawa miaka.

Alizeti ina hesabu nyingine kabisa. Singida na Dodoma ni kitovu cha zao hilo, na mashine ndogo za kukamua ziko kila mji kando ya barabara. Mshindani wake ni mawese ya Malaysia na Indonesia yanayoshuka Dar es Salaam. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula hadi asilimia 25 na ya yaliyosafishwa hadi asilimia 35, wakati ngazi za kawaida za ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki zilikuwa sifuri, 10 na 25. Iliwezekana kwa sababu mkataba unairuhusu nchi kuomba isitumie kiwango cha pamoja kwa muda. Kila mwaka mawaziri wa fedha hukaa na kupitisha orodha ndefu za maombi ya namna hiyo. Tangu Julai 2022 ngazi ya nne ya asilimia 35 ikawekwa rasmi. Hoja maarufu ya wanaotaka nchi ijitoe kwenye jumuiya, kwamba itapata uhuru wa kupanga ushuru wake, inakutana na ukweli huo: sehemu kubwa ya uhuru huo tayari ipo, ila huombwa mwezi Mei na kutangazwa Juni.

Walioondoka juzi

Uingereza imelipia somo hili kwa bei kubwa zaidi. Ilipiga kura Juni 23, 2016, ikatoka Umoja wa Ulaya Januari 31, 2020, na kanuni mpya zikaanza kuuma Januari 2021. Wauza samaki na nyama waliokuwa wakipeleka mzigo Ufaransa kwa ankara tu walihitaji tamko la forodha na cheti cha afya kwa kila shehena. Serikali yao iliahirisha mara kadhaa ukaguzi wa vyakula vinavyoingia kutoka Ulaya, hadi Aprili 30, 2024, ikihofia rafu za maduka. Bandari ya Dover haikuwa na nafasi, hivyo kituo kikubwa kikajengwa Sevington, karibu na Ashford, zaidi ya kilomita 30 ndani ya nchi. Dereva wa Manyoni angekielewa kituo hicho bila kufafanuliwa.

Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 29, 2025. Machi mwaka huo zikaweka tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazotoka nchi za jumuiya ziliyoiacha. Lakini zimebaki kwenye umoja wa sarafu ya faranga ya CFA, na pande zote zimesema raia waendelee kuvuka. Ni kadi ya njano ya Sahel: kiti kimeachwa, kilichofaa kimebebwa. Niger ni muuzaji mkubwa wa vitunguu Afrika Magharibi, na soko lake liko Ghana na Ivory Coast; mkulima wa vitunguu wa Singida anayetegemea Nairobi na Kampala angeweza kukaa na mwenzake wa huko wakaelewana kwa bei za msimu mmoja tu.

Ibara ya 145

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa umeandikwa na watu waliokumbuka 1977. Ibara ya 145 inasema nchi mwanachama inaweza kujitoa, kwa masharti. Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha nchi impe Katibu Mkuu notisi ya maandishi ya miezi 12. Kwa miezi hiyo yote inabanwa na wajibu wake kama kawaida. Rais hawezi kufunga jumuiya kwa tangazo la redio.

Jambo hilo liliwahi kukaribia kuwa mjadala. Katikati ya 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walianza kukutana bila Tanzania, wakazungumza reli, mafuta na kitambulisho cha kusafiria. Baadhi ya wanasiasa hapa nyumbani walisema basi tutoke. Novemba 7 mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alikwenda bungeni Dodoma, akaeleza kwa urefu kwamba Tanzania inatengwa kwa msimamo wake kuhusu ardhi, ajira na kasi ya shirikisho, na kwamba haitatoka. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2016, Bunge hilohilo lilikataa mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Ulaya na Afrika Mashariki, na Kenya ikaishia kusaini wake peke yake Desemba 2023. Kwa hiyo ukumbi huo umeshaonyesha kwamba unaweza kusema hapana.

Kama azimio la Ibara ya 145 lingefikishwa mbele yake siku moja, miongoni mwa wanaopiga kura wangekuwemo wabunge wa Kongwa, Kondoa, Bahi, Manyoni na Singida. Mahindi ya wapiga kura wao yanahitaji Namanga wazi, alizeti yao inahitaji ushuru mkubwa bandarini, na vibanda vyao vya chai na gereji kando ya barabara vinaishi kwa malori ya Kigali na Bujumbura. Mara nyingi mwenye mahindi na mwenye alizeti ni mkulima yule yule, kwenye shamba lile lile, na mwanawe ndiye utingo wa lori.